Mtufaha umegoma kuchanua: pasua tumba kabla ya kuilaumu baridi

Kila Julai, kuanzia Ngaramtoni hadi Machame, malalamiko huwa yale yale. Mtufaha au mpichi ulionekana una matumba, sasa matumba yamekauka, yamepukutika, au yamekaa tu hayafunguki, na mwenye mti ameshatoa hukumu: yameunguzwa na baridi. Hukumu hiyo karibu kila mara humwonea asiye na kosa. Usiku wa Julai mjini Arusha hushuka hadi nyuzi 12 hivi, na Moshi mjini huwa na joto zaidi ya hapo. Tumba la pichi lililolala sawasawa, kule Kanada au kaskazini mwa China, hupita salama kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri. Kinachosumbua miti yetu ni kinyume chake: baridi tuliyonayo haitoshi kulilaza tumba likalala vizuri, wala kuliamsha likiwa limeshalala.

Ukielewa jinsi tumba linavyovuka barafu, dalili nyingi za shambani hujieleza zenyewe. Nianzie hapo.

Tumba linavukaje barafu

Ua la msimu ujao huumbwa msimu huu. Kwenye nchi za baridi, wakati mti ungali na majani na matunda, ua changa lisilofika hata milimita chache limeshaanza kujengwa ndani ya tumba, limefunikwa na magamba. Siku zikifupika na usiku ukipoa, mti hujiandaa taratibu kwa wiki nyingi: sukari huongezeka ndani ya seli, protini za kuzilinda seli na ukavu hutengenezwa, utando wa seli hubadilika, na maji hupungua. Tumba lile lile likikutwa na baridi kali kabla ya maandalizi hayo hufa kwa nyuzi chache tu chini ya sifuri.

Magamba hayalipashi ua joto, kama wengi wanavyodhani. Tumba halina joto lake la kutunza. Likikaa nje usiku kucha hupoa kama hewa iliyolizunguka. Kazi inafanyika kwingine. Kwenye pichi, plamu na cheri, barafu huanzia kwenye magamba na kwenye kitako cha tumba, kisha huvuta maji kutoka kwenye ua changa. Maji machache yanayobaki ndani ya ua yana sukari nyingi, na hayagandi hata yakishuka mbali chini ya sifuri, kwa sababu maji huhitaji chembe ya kuanzia kuganda na mle ndani haimo. Barafu ya jirani nayo haina pa kupenyea, maana mirija ya maji kati ya tawi na ua bado haijaungana. Hali hiyo ina kikomo. Kwenye nyuzi 20 hadi 25 hivi chini ya sifuri, kutegemea aina ya mti na ulivyojiandaa, maji ya ndani huganda ghafla na ua hufa papo hapo.

Tufaha na pea hufuata njia nyingine: maji hutoka ndani ya seli na kugandia nje yake, seli zikasinyaa na kuvumilia ukavu hadi barafu iyeyuke.

Kuna mimea ya kwetu inayovuka barafu bila kulala hata siku moja. Juu ya msitu wa Kilimanjaro, dendrosenesio, mmea mkubwa wa mlimani, hukunja majani yake usiku kulizunguka chipukizi la katikati. Lobelia ya mlimani huweka maji kwenye kikombe cha majani yake. Juu ya maji hufanyika ganda la barafu, na chini ya ganda hilo chipukizi halifikiwi na baridi kali. Kule baridi huja kila usiku na kuondoka kila asubuhi, kwa hiyo kulala miezi mitatu hakuna faida. Mtufaha haukuzaliwa kwenye hesabu hiyo, na hapo ndipo ugomvi wetu nao unapoanza.

Tumba lililolala halifunguki kwa sababu tu joto limekuja. Lingekuwa hivyo, siku chache za jua mwezi Januari kule Ulaya zingelitoa nje, likauawe wiki inayofuata. Mti hujilinda kwa kukusanya kwanza saa za baridi, hasa zile za kati ya nyuzi 0 na 7 hivi. Aina nyingi za tufaha zinazouzwa madukani huhitaji saa mia kadhaa, na nyingine hufikia 1,000. Saa hizo zikitimia, tumba hubaki linangoja joto tu, na kila siku ya joto hulipunguzia uvumilivu. Ndiyo maana jalidi (barafu inayotanda juu ya mimea usiku wa baridi) iliyoharibu vibaya bustani za matunda na mizabibu ya Ufaransa mwaka 2021 ilikuwa ya Aprili, si ya Januari. Matumba yalikuwa yameshaamka.

Anza na wembe

Usikisie kwa macho. Chuma matumba kumi hivi, ya juu, ya chini na ya pande tofauti za mti. Kwenye mtufaha tafuta manene yaliyo kwenye vijitawi vifupi. Kwenye mpichi, yale ya mviringo yanayokaa pembeni ya tumba jembamba lenye ncha (hilo jembamba ni la majani). Kata kila moja kwa upana, theluthi moja kutoka nchani, kwa wembe mpya.

Katikati pakiwa na kijani kibichi, ua li hai, limelala tu. Pakiwa na doa la kahawia iliyokolea au jeusi huku magamba yakiwa bado mabichi, ua limekufa. Ukikuta tundu au uchafu kama unga, tafuta mdudu. Na ukikuta vijani vilivyojikunja bila dalili ya ua, mti haukuumba maua tangu mwanzo; hilo ni tatizo tofauti, nalifikia mwishoni. Kama kweli kulikuwa na jalidi, usikate asubuhi ile ile. Ua lililogandishwa huchukua saa kadhaa kwenye joto kabla ya kubadilika rangi. Weka vijitawi ndani ya nyumba kwanza, kata kesho yake.

Matawi matupu, majani yamejikusanya nchani, matumba ni ya kijani ndani

Hii ndiyo dalili inayoongoza kwetu, na chanzo chake ni uhaba wa baridi. Tawi linakuwa refu na tupu kama fimbo, kishungi cha majani kikiwa mwishoni, na matumba ya katikati yamekaa miezi bila kusogea.

Hebu tupige hesabu. Kwa kanuni ya zamani ya kuhesabu saa zilizo chini ya nyuzi 7, usiku wa nyuzi 12 mjini Arusha unaipa miti saa sifuri. Kanuni iliyotolewa Utah, Marekani, mwaka 1974 ina huruma kidogo: saa iliyo kati ya nyuzi 9 na 12 hivi inahesabiwa nusu. Lakini kanuni hiyo hiyo inakatwa na joto. Saa iliyopita nyuzi 16 inaondoa nusu, na iliyopita 18 inaondoa nzima. Mchana wa Julai Arusha hufika nyuzi 20 na kupita, kwa hiyo kilichowekwa usiku kinachukuliwa mchana. Ukipanda mlima, joto hushuka kama nyuzi 6 kwa kila mita 1,000. Shamba la mita 2,000 kwenye miteremko ya Meru linapata usiku wa nyuzi 8 au 9 wakati mjini ni 12. Inasaidia, lakini haifikishi saa mia kadhaa.

Kwa hiyo swali la kwanza si mbolea wala dawa, ni mti gani huo. Kama uliotesha mbegu ya tufaha la dukani, una mti usiofanana na mama yake, utakaochukua miaka mingi kukomaa, na wazazi wake huenda ni wa nchi za baridi kali. Mimi nisingepoteza muda kuubembeleza. Ukiwa na mizizi mizuri, ukate na uubebeshe kijitawi cha aina isiyodai baridi nyingi. Mbili zinazojulikana zaidi ni Anna, iliyozalishwa Israeli, na Dorsett Golden, iliyoota yenyewe kwenye visiwa vya Bahama, mahali pasipo na jalidi kabisa. Kwa pichi kuna Flordaprince ya Chuo Kikuu cha Florida, inayodai saa 150 hivi. Muuza miche akikuambia tu kwamba ni "ya kisasa", muulize jina la aina. Akikosa jina, nenda kwa mwingine.

Hata Anna hudai saa mia mbili hadi tatu. Inazaaje basi mahali pasipo na hata saa moja? Jibu ni kwamba usingizi mzito wa tumba haujengeki kwa siku moja, na mtufaha hutegemea sana baridi yenyewe kuuingia usingizi huo. Huku kwetu usiku na mchana havibadiliki vya kutosha. Tofauti ya urefu wa mchana kati ya Juni na Desemba Arusha haifiki nusu saa. Mti unabaki katikati, nusu macho. Njia ya kuushinda si kuutafutia baridi usiyonayo, ni kuuwahi kabla usingizi haujawa mzito.

Wakulima wa Batu, Java Mashariki, wamefanya hivyo miaka mingi na huvuna tufaha mara mbili kwa mwaka mahali pasipojua theluji. Wiki chache baada ya mavuno wanapukutisha majani yote kwa mkono. Jani lililokomaa ndilo linalolizuia tumba la kwapani mwake. Likiondolewa mapema, tumba huchanua baada ya wiki tatu au nne. Ukingoja majani yazeeke na kudondoka yenyewe, umechelewa.

Kwetu kazi hiyo inakaa vizuri mwishoni mwa Julai. Punguza maji wiki kadhaa kabla. Halafu pukutisha majani yote, ukivunja kikonyo cha jani bila kuchubua tumba. Ukibakiza tawi moja lenye majani, hilo litachelewa peke yake. Inamisha matawi yaliyosimama wima hadi yalale karibu usawa, uyafunge kwa kamba, kwa sababu tawi lililosimama hupeleka nguvu nchani na kuyanyima matumba ya chini. Kisha mwagilia kwa wingi. Wenye zamu ya mfereji wapange tarehe yao kwanza, ndipo wapange ya kupukutisha. Mkulima wa kahawa hatashangazwa na mtindo huu: matumba ya kahawa nayo hungoja kwenye ukavu, mvua ikinyesha yanachanua kwa pamoja baada ya siku nane hadi kumi.

Maua yatakuja mwishoni mwa Agosti, kipindi kikavu, na matunda ya Anna yatakuwa tayari miezi minne hivi baadaye. Unaweza kupukutisha tena mapema mwaka unaofuata, lakini maua yatakutana na masika, nyuki watakaa mizingani na ukungu utashamiri. Kwa shamba dogo, mavuno mamoja mazuri yananitosha.

Kuna dawa ya kuamsha matumba, haidrojeni sianamidi, inayotumika sana kwenye zabibu na tufaha za nchi zenye joto. Inafanya kazi, lakini ni sumu kali ya ngozi na macho, ikizidi kipimo inayachoma matumba yale yale unayoyataka, na mtu aliyeigusa akinywa pombe hata siku chache kabla au baada hupata madhara mabaya: uso kuwaka, moyo kwenda mbio, kupumua kwa shida. Kibuyu kimoja cha mbege kinatosha. Kwa miti mitano ya nyumbani mikono yako inatosha. Mwenye shamba kubwa aulize kwanza kwa mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, TPHPA, yenye makao makuu hapa hapa Arusha, kama bidhaa aliyoletewa imesajiliwa.

Maua yanatoka moja moja, tunda kubwa na ua jipya tawi moja

Chanzo ni kile kile, ila dalili ni hafifu zaidi. Kila tumba linaamka kwa wakati wake. Tiba ni kupukutisha majani yote kwa siku moja au mbili. Usisahau kuchuma matunda machache yaliyobaki mtini, hata kama yanakuuma.

Matumba ya pichi yanadondoka kabla ya kufunguka

Ukitikisa tawi yanamwagika chini. Yakate: ukikuta ua ndani limekauka kahawia huku tumba la majani la katikati likiwa zima, na kipimajoto hakikushuka hata karibu na sifuri, ni ua lililoanza kukua likakwama kwa kukosa baridi. Mpichi una tabia hiyo kuliko mtufaha. Sababu ya pili ni kiu, hasa kama mti ulikosa maji kiangazi cha Januari na Februari.

Hapa nawatetea mapichi ya kienyeji, yale yanayooteshwa kwa kokwa nyuma ya nyumba. Tunda ni dogo, lakini mti umetokana na miti iliyozaa papo hapo. Ukiwa na mmoja unaochanua vizuri kila mwaka, otesha kokwa zake au chukua vijitawi vyake ubebeshe kwenye mti mwingine, badala ya kuagiza mche mzuri wa picha.

Ua limefunguka, kisha katikati pamekuwa peusi

Sasa ndipo jalidi inaruhusiwa kuingia kwenye orodha ya washukiwa. Tumba likiamka hupoteza kinga yake hatua kwa hatua: mirija ya maji huungana, ua hujaa maji, na barafu hupata njia. Tumba la tufaha lililoanza tu kuonyesha ncha ya kijani bado huvumilia nyuzi 7 hivi chini ya sifuri kwa nusu saa. Likifikia rangi ya waridi, au ua likifunguka, nyuzi 2 chini ya sifuri zinaanza kuua, na kwenye nyuzi 4 karibu maua yote yanakwenda.

Nyanda za Juu Kusini, Njombe, Makete na uwanda wa Kitulo, swali hili ni la kweli kila Juni na Julai, na huko ndiko tufaha zetu nyingi zinakotoka. Arusha mjini na Moshi mjini hakugandi. Anayestahili kuwa na wasiwasi ni mwenye shamba la juu sana karibu na msitu, au lililo kwenye bonde linalokusanya hewa baridi usiku wa anga lisilo na mawingu wala upepo. Alama zake ni mbili: matawi ya chini yameharibika kuliko ya juu, kwa kuwa hewa baridi hulala chini, na nyasi za jirani zilikuwa na weupe alfajiri. Tundika kipimajoto kwenye tawi, si ukutani. Ukuta wa nyumba hukudanganya kwa nyuzi kadhaa.

Kama ni jalidi kweli, fyeka nyasi chini ya mti na ulowanishe udongo mchana, maana udongo mtupu wenye maji hutunza joto la jua na kulitoa usiku. Kuwasha moshi hakusaidii. Moshi haulizuii joto lisipotee, utawaudhi majirani tu. Bora zaidi, chelewesha kupukutisha hadi Agosti, ua lifunguke baridi imeshapita.

Ukikosa alama hizo mbili, rudi kwenye ukungu na vithiripi, wadudu wadogo wanaofyonza maua. Ua lenye unga mweupe au lililojikunja na kubabuka kingo halikupigwa na baridi.

Maua tele, tunda hakuna

Anna haijichavushi. Mti mmoja peke yake unaweza kuwa mweupe kwa maua na usibakize kitu. Unahitaji Dorsett Golden, au aina nyingine iitwayo Ein Shemer, inayochanua wakati huo huo. Kama uwanja hauruhusu mti wa pili, bebesha tawi moja la Dorsett juu ya Anna yako, nalo ulipukutishe siku ile ile. Usipulizie dawa ya wadudu mti ukiwa na maua. Mpichi kwa kawaida hujichavusha. Ukigoma, angalia kwanza mvua na nyuki.

Umepasua tumba, ndani ni majani tu

Mti haukuumba maua, na hakuna baridi wala kupukutisha kutakakoyaleta msimu huu. Kihambani, yaani kwenye shamba la migomba linaloizunguka nyumba, sababu huwa kivuli: mtufaha umesongwa na migomba, na tumba la ua halijengeki gizani. Ondoa migomba ya upande wa mashariki na kaskazini, kwa kuwa Juni na Julai jua letu hupita kaskazini. Sababu ya pili ni samadi na urea kupita kiasi. Mti wenye machipukizi ya mita moja kwa msimu na majani ya kijani kizito hauna haraka ya kuzaa, uache bila mbolea ya naitrojeni mwaka mzima. Ya tatu ni panga. Mtufaha huzaa kwenye vijitawi vifupi vinavyodumu miaka, na anayesafisha mti kwa kuviondoa vyote anaondoa mavuno; mpichi huzaa kwenye matawi ya mwaka uliopita, kwa hiyo wenyewe upogolee kila mwaka, ukibakiza matawi membamba kiasi cha penseli. Na mche wa kubebesha ambao haujafikisha miaka miwili au mitatu, usiupasue matumba, uache ukue.